Una Kazi au Huna?

Shemeji yangu alistaafu Ijumaa, na Jumatatu asubuhi nikamkuta mlangoni mwa karakana yangu amevaa suti. Nikamuuliza kama kuna msiba. Akasema hapana, amepita tu kutusalimia. Kupita kwenyewe kukachukua mwaka mzima.

Ni mume wa dada yangu mkubwa, aliyenilea. Alikuwa mkurugenzi wa mauzo katika kiwanda cha mabati, mtu wa kufunguliwa mlango wa gari. Siku ya kuagwa walimpa saa ya ukutani, wakachukua gari, dereva na simu. Katika marupurupu yote likabaki moja: matibabu yake na ya mkewe, ambayo kiwanda huendelea kuwalipia wakubwa wake wakishastaafu. Ya gari aliyacheka mbele za watu. Kukaa nyumbani ndiko kulikomshinda. Dada alilalamika kwamba anapanga sufuria kwa ukubwa, kisha anamwita aje kukagua.

Basi akahamia kwangu. Mimi ni seremala, nina mafundi wawili, na hakuna hata mmoja wetu aliyewahi kuomba mkurugenzi. Randa hajui kuishika. Lakini kila asubuhi lazima tusimame kwenye maranda tufanye mkutano, atuulize changamoto za jana. Changamoto ya jana ilikuwa yeye. Hata hivyo wateja walimpenda, maana anasikiliza, na anajua kumtuliza mtu ambaye kabati lake limechelewa. Wakaanza kumwita Meneja, na jina likaganda. Sikuwa namlipa chochote. Hata chai alinunua yeye.

Wakati huo dada alikuwa anaingiwa na mtoto wa jicho, macho yote mawili. Alianza kwa kukosea tundu la sindano, akaishia kuliamkia koti langu lililotundikwa ukutani. Daktari akasema apasuliwe haraka, akaingizwa kwenye zamu ya wiki ile. Tukaenda hospitali sote watatu, mimi nimemshika dada mkono. Mama wa mapokezi akaitazama kadi yao, akabonyeza, akabonyeza tena.

"Mzee, hii kadi imefungwa."

"Jaribu tena, mama," shemeji akasema huku akicheka.

"Imefungwa. Kawaulize kazini kwenu."

"Kazini wapi? Mimi nimestaafu."

"Basi kawaulize huko ulikostaafu."

Tukaenda kiwandani. Ofisi ya wastaafu inashikwa na binti ambaye shemeji alimwajiri mwenyewe. Alivyotuona akasimama, akamvutia dada kiti, akaita bosi, bosi. Tukaeleza. Akamtazama shemeji kama mtu aliyechanganyikiwa.

"Lakini bosi, si ulisema mwenyewe?"

"Nilisema nini?"

"Nilikupigia simu mwezi uliopita. Wastaafu wote tunawapigia. Nikakuuliza, siku hizi una kazi? Ukanijibu, nina kazi kwelikweli, mwanangu, hata pa kupumulia sina."

Ndipo tukaelezwa kwamba matibabu ya wakubwa yana mpaka wake. Yanaendelea hadi mstaafu apate kazi kwingine. Akishapata, watamtibu huko huko.

"Mimi nilidhani unanijulia hali!" shemeji akasema.

Damu ikanichemka. Mtu akikuuliza una kazi, utajibu nini, kwamba umekaa unahesabu nzi? Nikamwambia yule binti kila mtu ana kazi. Dada anayepapasa kuta, kufika chooni tu ana kazi. Na wewe, nikamwambia, leo una kazi na sisi.

Hakukasirika. Akaniuliza, "Kwani baba, pale kwako anafanya nini? Mwenzetu alikuja kuagiza kitanda, akaambiwa amsubiri Meneja."

"Hilo ni jina la utani!"

"Analipwa?"

"Halipwi."

"Anakuja kila siku?"

"Kila siku."

"Anaondoka saa ngapi?"

"Tukifunga."

"Sasa hiyo si kazi?"

Nilitaka kusema ni kazi, nikataka kusema si kazi, na yote mawili niliyaona ya kweli. Mpaka leo ukiniamsha ukaniuliza, nitababaika vile vile.

Yule binti akamgeukia shemeji, sauti imeshuka. "Bosi, mimi nataka neno lako tu, niifungue kadi sasa hivi. Una kazi au huna?"

Makarani waliokuwa wanachapa wakaacha kuchapa. Wote walikuwa watu wake zamani. Dada akageuza uso kuelekea sauti ya mumewe ilikotokea mara ya mwisho, akasubiri.

"Sina kazi," akasema.

"Na pale karakana?"

"Nakaa tu. Hawanihitaji."

Kisha akanitazama. Nadhani alitaka nibishe. Na mimi siku zote ni mtu wa kubisha, nabishana hata na redio. Lakini ningebisha, macho ya dada yangekwenda na maji. Binti akanigeukia mimi.

"Ni kweli, baba?"

"Ni kweli," nikasema. "Hatumhitaji."

Kadi ikafunguliwa tukiwa tumekaa pale pale, na dada akapasuliwa salama.

Shemeji hajakanyaga karakana tena. Nilimfuata nyumbani, nikamwambia wateja wamegeuka mbogo, mafundi wanagombana, njoo japo ukae. Akaniuliza akija akamtuliza mteja mmoja tu, hiyo itakuwa kazi? Na akimtuliza bila kusimama? Nikamwambia sijui. Akasema basi na yeye hajui, heri akae.

Siku dada alipotolewa bandeji ya jicho la pili nilikuwepo. Alilitazama pazia, akanitazama mimi, akacheka kwamba nimeota kitambi. Halafu akamtazama mumewe kitini, mikono mapajani, hana anachofanya. Alimtazama kwa muda mrefu. Aliponisindikiza mlangoni akaninong'oneza.

"Mdogo wangu, hivi huyu alizeeka lini?"

Nilitaka kumwambia ni siku ile, pale ofisini, baada ya kunisikia mimi. Nikamwambia sijui.