Miguu Juu ya Dari Yetu

Sauti ya utoto wangu ni ya miguu. Ilikuwa miguu ya Papa Anselme, jirani yetu wa ghorofa ya juu, katika nyumba ya zamani ya Saint-Gilles, Brussels, iliyokatwakatwa vyumba kama mkate. Dari ilikuwa nyembamba hivi kwamba akijikuna kisigino tulisikia kucha. Alitoka mji mmoja na sisi, kule Kivu, mji mdogo wenye soko moja na daraja moja, na kwa miaka tulikula fufu sahani moja naye. Wanasema jirani wa karibu hupita ndugu wa mbali. Waliosema hivyo, nadhani, hawakuwa na mtu juu ya dari.

Nilikuwa na miaka tisa, katika miaka ya elfu mbili, vita vilipoufikia mji wetu. Vilikuwa vidogo, hata redio za Brussels hazikuvitaja, lakini kwetu vilizidi vita vyote vya dunia vikijumlishwa. Kundi moja lilishika soko, jingine likashika daraja, na katikati alibaki koko, yaani bibi yangu, mzaa maman, pamoja na kuku wake. Wapwa wa Papa Anselme walikuwa katika kundi la daraja. Siku nne maman alikaa kando ya simu, chai yake ikapoa mpaka nusura iote barafu.

Jumapili, tumetoka misa, habari ikafika juu kabla ya kufika kwetu: kundi la daraja limeuchukua mji. Papa Anselme akafungulia muziki, wageni wakapanda ngazi na chupa, wakacheza. Tembo arobaini, naapa. Taa yetu iliyumba na chokaa ikanyeshea wali. Hapo hapo simu ikalia. Alikuwa koko, sauti ndogo kama inayotoka chini ya maji. Maman akaziba sikio la pili kwa kidole: "Mama, sema tena, sisikie." Nikachukua ufagio, nikagonga dari kwa mpini. Juu wakacheka. Mtu akaita, "Banatupigia ngoma, tuongeze," na wakaongeza. Laini ikakatika. Wiki tatu baadaye msafiri alituletea habari kwamba koko alifia njiani akiukimbia mji. Maman hakupanda kugombana. Aliusimamisha ufagio pembeni, akasema, "Iko siku."

Siku hiyo ilichukua miaka kumi na moja, na ilikuja kwa miguu ya Papa Anselme mwenyewe. Magoti yalimfia, ngazi zikamshinda, akamwomba mwenye nyumba tubadilishane ghorofa. Maman, ambaye hakuwa amemsalimu tangu Jumapili ile, alikubali kabla mwenye nyumba hajamaliza kusema. Mimi nilikuwa nimetoka kupata diploma ya shule ya jioni, msomi kamili, na kazi yangu ya kwanza ya kisomi ilikuwa kupandisha kinu. Wahenga walisema aliye juu mngoje chini. Hawakusema umfanyeje akishafika. Maman alijua. Kila Jumapili alitwanga sombe, kinu kikiwa juu kabisa ya kiti cha Papa Anselme. Tulikuwa wawili tu, lakini majani yale ya muhogo yalitwangwa kana kwamba tunalisha mtaa mzima wa Uccle. Akitugongea kwa ufagio, maman alitabasamu. Nami nilifurahi, sitaficha. Sijawahi kula sombe tamu kama ile.

Basi, Jumapili moja, mji ule ukapiganiwa tena, na safari hii kundi la soko ndilo lililorudi. Mchi ukiwa hewani tukasikia simu ikilia chini, kisha sauti ya Papa Anselme: "Allô? Yaya? Sema nguvu, Yaya, sikusikie." Yaya, yaani kaka yake mkubwa, alikuwa bado anaishi kule na familia yake.

"Maman, twanga," nikasema.

Akaushusha mchi polepole, akaulaza juu ya taulo. "Acha amalize kwanza. Niko nataka asikie bien, vizuri kabisa."

Tukasikiliza. Chini, Papa Anselme aliuliza, "Wote?" Hakuuliza tena. Kilio kilipopanda, maman aliushika mchi akamaliza sombe yake.

Sasa ninaishi mtaa wa Forest, juu ya zege nene kama ukuta wa ngome. Jirani hata akicheza simsikii. Nikiisimulia siku ile, watu husema maman alimhurumia. Mimi niliuona uso wake. Papa Anselme aliyasikia yote aliyoambiwa, neno kwa neno. Ya koko, sisi bado tunayabuni.