Siku Nilipobeba Kiti cha Mwalimu Nyamizi

Upumbavu mwingine mtu huufanya huku anatabasamu. Wangu niliufanya nikiwa darasa la kwanza, nilipojitolea kubeba kiti cha mwalimu wetu kukipeleka darasa la saba. Nilikiweka kichwani, nikajiona nimepanda cheo.

Kabla ya siku hiyo darasa letu lilinukia mchanga mbichi. Mwalimu Nyamizi aliuchota ziwani kwa ndoo, akautandaza sakafuni, nasi tukachora herufi kwa kidole, tukaitamka, tukaifuta kwa kiganja. Tulijazana kama dagaa wavuni, na wengi Kiswahili tulikikuta shuleni, nyumbani ni Kisukuma tu. Lakini yeye alimfikia kila mmoja, akainama, akamshika kidole. Nilishaanza kuona "ma" na "ji" zikishikana hadi kuwa kitu cha kunywa. Basi, mtihani wa la saba ukakaribia, na mwalimu mkuu akasema mwalimu hodari hapotezwi kwa watoto wanaocheza mchanga. Tukapiga makofi. Aliyeachiwa sisi alikuwa na darasa jingine pia. Alisoma ubaoni, tukamwimbia alichosoma, akakimbilia kwa wenzetu. Mimi niliimba kuwashinda wote. Kusoma nilikuja kujua la tano, kwa aibu, kwenye vibao vya maduka. Samaki mkunje angali mbichi, walisema wahenga. Sisi tuliachwa tukakauka juu ya mwamba, ndipo wakaja kutukunja. Kidato cha nne nilikimaliza kwa kudra za Mungu, nikarudi nyumbani, na ndipo nilipo hadi leo. Safari yangu ndefu ni stendi ya Nyegezi, tena kumsindikiza mtu.

Siku hizi shule ileile ina vigae sakafuni, na ukutani wamechora kwa rangi kwamba kila mtoto atajua kusoma, kuandika na kuhesabu. Binti yangu Neema yuko la pili. Juzi kikao cha wazazi kiliambiwa mwalimu wake amehamishiwa la saba tangu muhula uanze, shule isije ikashika mkia. Tukapiga makofi. Mimi pia, mikono ilitangulia akili. Jioni Neema akanisomea ukurasa mzima bila kukosea, kitabu kikiwa kimefungwa. Nikatoka kumlalamikia jirani yangu, Mama Kulwa, aliyekuwa uani akipara sato. Hakuinua hata kichwa.

"Baba Neema, usinipigie kelele. Wa kwako yuko la pili, wa kwangu yuko la saba. Mwalimu tumeshamchukua."