Siku Nilipoufunga Mdomo wa Mustang kwa Kitenge cha Harusi

Kuna video yangu inazunguka kwenye simu za watu kutoka Durban mpaka Lubumbashi, na ndani yake nimeinama mbele ya gari la Kimarekani huku suruali yangu ya krimu imepasuka kutoka mkandani mpaka karibu na goti, na chupi iko nje, na chupi yenyewe ina miraba myeusi na myeupe kama ile bendera ya kumaliza mashindano ya magari (zawadi ya mke wangu, aliinunua kwa kunicheka, mimi nikaivaa kwa moyo wote). Basi kabla hujaoneshwa na jirani ukacheka peke yako, acha nikusimulie mwenyewe tucheke pamoja, maana yule aliyekuwa anarekodi alizima simu mapema, hakungoja kuona nani alicheka mwisho.

Mimi ni fundi wa simu, nina kimeza changu mjini, nabadilisha vioo na betri, mkate unapatikana. Lakini ugonjwa wangu tangu utoto ni magari ya zamani ya Kimarekani, yale yenye boneti ndefu na injini ya silinda nane ambayo ikinguruma vikombe vinatetemeka kabatini. Ugonjwa huo niliupata Lubumbashi nikiwa na miaka saba, kwa sababu ya Mustang moja iliyokuwa imekufa kwenye ua wa jirani yetu, haina tairi hata moja, kuku wanataga kiti cha nyuma, na mimi kila nikitoka shule naingia kwenye usukani nazungusha na kunguruma kwa mdomo mpaka mama aje anichukue kwa sikio. Kaka yangu mkubwa alikuwa anakaa kiti cha pembeni, yeye ndiye abiria, anatoa kichwa dirishani na kunipigia kelele, "Nenda, mdogo wangu, barabara iko wazi!" Kaka alifariki kabla sijaendesha hata baiskeli yenye breki nzuri. Aliacha mtoto mmoja, Nadine, nikamlea kama wangu, na nilipokuja Durban nikaja naye.

Hapa Sydenham, mbele ya nyumba yetu, niliitengeneza Mustang yangu kwa miaka kumi na moja. Niliikuta ni mifupa tu kwenye banda la mkulima mmoja, nikaileta juu ya lori, na jirani zangu wakatoka nje kunipa pole. Usukani wake uko kushoto, na watu wa hapa wananionea huruma kwa hilo, lakini mimi nimetoka Kongo, kwetu usukani uko kushoto, kwa hiyo nikikaa pale ninahisi nimefika nyumbani. Nadine alikuwa na miaka tisa wakati huo, alikuwa anakuja kukaa kiti cha abiria ananisomea masomo yake huku mimi niko chini na spana, na siku moja nikamwambia, mwanangu, siku ya harusi yako nitakupeleka kanisani na hii. Mtoto hasahau. Mke wangu, Mama Trezor, naye hakusahau miaka kumi na moja ya Jumamosi zangu zote. Yeye gari lile aliliita mke mwenzangu. "Nenda kwa mke mwenzangu, chakula utakula huko," ananiambia, na hajawahi kukaa ndani yake hata siku moja, aliapa.

Sasa Nadine akapata mchumba, Kiprono, Mkenya, mwalimu wa chuo, kijana mzuri anayefika kabla ya saa (jambo lililotutia hofu sisi wote). Ijumaa jioni, kikao cha mwisho cha familia, nikatangaza kwamba bibi arusi atakwenda na Mustang. Mama Trezor akaweka sahani chini.

"Papa Trezor, na ikikuzimia njiani, na mtoto wa watu iko ndani?"

Ningesema "Mungu ni mwema" nikanyamaza, mambo yangeisha. Lakini mdomo wangu una miguu yake. Nikasimama mbele ya ukoo mzima nikasema, "Ikinizimia kesho njiani, Jumatatu naiuza."

Mke wangu alichukua simu, akampigia daktari mmoja wa meno wa Pinetown ambaye kila mwaka anakuja kuililia ile gari nimuuzie, kama mtu aliyenyimwa mchumba, akamwambia, "Docteur, kuja Jumatatu asubuhi, nafasi inaweza kuwa iko." Akakata simu, akaendelea kula. Usingizi wangu uliishia hapo.

Asubuhi Mustang ilikuwa inang'aa mpaka unaweza kunyolea ndevu kwenye mlango wake. Nikaiwasha, ikanguruma vizuri, mshale wa joto uko chini kabisa, nikasema leo watanitambua. Ndipo akaja Maman Sharlote, shangazi yake Nadine, mwenyekiti wa kamati ya akina mama, mwanamke ambaye akisema kaa unajikuta umeshakaa. Mkononi ana kitenge kile cha harusi, cha rangi ya chungwa na tausi wa kijani, kile kile walichoshona akina mama wote wa familia (kwetu harusi bila sare ya kitenge si harusi, ni mkutano).

"Gari ya bibi arusi haiwezi kwenda uchi," akasema.

Nikadhani atafunga utepe kwenye kioo. Hapana. Akina mama wanne wakashika kile kitenge wakakitandaza mbele, taa hadi taa, wakafunika ule wavu wote wa mbele, wakakaza mafundo, wakapanga na maua juu yake. Na pale, ndugu zangu, nilijua. Pale mbele ndipo gari linapovutia pumzi ya kupoza rejeta, ukiziba pale ni sawa na kumziba mtu pua halafu umwambie apande mlima. Fundi yeyote anajua. Nilifungua mdomo nikatae, na wakati huo huo Maman Sharlote akarudi nyuma hatua mbili, akaiangalia ile gari, akasema, "Eh! Sasa iko gari ya watu."

Miaka kumi na moja hakuna mtu wa familia aliyewahi kuisifu. Nikafunga mdomo. Nikasema moyoni, kanisa liko Pinetown, ni karibu.

Tukaondoka saa nne na robo, ndoa ni saa tano, na kanisa lile lilikuwa na harusi nyingine saa sita kamili, mchungaji alishatuonya mara tatu. Unajua msafara wetu wa harusi unavyokwenda: mwendo wa konokono, taa zote zinawaka na kuzima, honi mpaka wafu wageuke upande, na Maman Sharlote ametoa nusu ya mwili kwenye dirisha la basi dogo anarusha video moja kwa moja kwa ndugu wa Lubumbashi. Mke wangu yuko humo humo kwenye basi dogo. Mimi niko mbele na Nadine amekaa nyuma, gauni limejaza kiti chote. Kufika robot ya pili (huku taa za barabarani zina jina hilo, usiniulize), nikaangalia mshale, umeshapita katikati.

Kuna ujanja wa mafundi: injini ikipata moto, fungua hita ya ndani mpaka mwisho, itavuta joto la injini na kulileta kwako. Nikafungua. Durban, mwezi wa pili, jua la saa nne na nusu, na hita inapuliza kama tanuri la mikate.

"Baba mdogo, hii joto inatoka wapi?"

"Ni hali ya hewa ya Durban, mwanangu."

"Baba mdogo, inatoka chini ya kiti."

Nikamwangalia kwenye kioo. Vipodozi alivyopakwa tangu alfajiri vilikuwa vimeanza kuteremka, jicho moja limefika shavuni. Nikakaza macho barabarani kama mtu asiyemfahamu. Tulipoanza kupanda mlima wa Queensburgh, ile gari ikakohoa, moshi mweupe ukatoka chini ya boneti, tausi wote wakapotea ndani ya mvuke, na injini ikazima. Mbele ya duka la kuku. Jumamosi. Foleni imetoka mpaka nje.

Msafara mzima ukasimama. Basi dogo likafunguka, akina mama wakamwagika, na wa kwanza kushuka ni mke wangu, akitazama saa yake. Niliyararua yale mafundo ya kitenge kwa meno, nikafungua boneti, na kwa haraka ya mtu anayeona Jumatatu inamjia mbio, nikafanya kitu ninachowakataza watu wote: nikakunja kile kitenge mkononi, nikafungua kifuniko cha rejeta kabla haijapoa. Niliruka nyuma kwa wakati, Mungu alinipenda, uso ukapona. Lakini maji yenye kutu, ya moto lakini si ya kubabua, yakanivaa kiunoni hadi viatuni, na katika kuruka kule, suruali ikasema paaa. Nikainama kutazama kilichopasuka, na hilo lilikuwa kosa langu la tatu la siku, maana mgongo wangu ulikuwa umeelekea simu ya Maman Sharlote.

Foleni ya kuku ikapiga makofi. Mtu mmoja akapaza sauti, "Eish, baba, umeshinda mashindano!" Na kutoka ndani ya simu, kutoka Lubumbashi, nikasikia sauti ya mama yangu mzazi, mama wa miaka themanini, akiuliza kwa upole, "Ule mwanaume wa kaleso ya miraba, njo nani?"

Maman Sharlote akazima simu, na hapo ndipo video inapoishia.

Nilitamani ardhi inimeze. Simu yangu ikalia, ni Kiprono: "Uncle, mko wapi? Pastor anasema saa tano na nusu ikipita, anaanza kutayarisha ile harusi ingine." Ilikuwa saa tano kasoro kumi. Maman Sharlote tayari amefungua mlango wa basi dogo. "Nadine, mama, kuja huku. Acha hiyo chuma."

Nadine akashuka, gauni mkononi. Nikamfungulia njia, nikasema sawa, mwanangu, nenda. Machozi yalikuwa karibu, siwafichi. Akapita mbele yangu, akazunguka gari, akafungua mlango wa mbele, akakaa kiti cha abiria. "Nimengoja hii gari tangu niko na miaka tisa," akasema. "Baba mdogo, tengeneza."

Basi nikachukua kile kitenge kilichoniponza, nikakifunga kiunoni kama mama anayekwenda sokoni, nikaanza kazi. Dakika ishirini tuliingoja ipoe, dakika ndefu kuliko kwaresma. Rejeta haikuwa na maji, na mimi sikubeba. Nani alileta maji? Mke wangu. Alirudi kwenye basi dogo, akashusha katoni mbili za maji ya chupa yaliyokuwa ya meza kuu, akaita akina mama, wakajipanga na vilemba vyao na viatu virefu, chupa moja moja mkono kwa mkono, na yeye wa mwisho ananipa mimi. "Mimina polepole," akaniambia, "mke mwenzangu asipaliwe."

Ufunguo wa kwanza, kimya. Wa pili, tik. Wa tatu ikanguruma mpaka foleni ya kuku ikaruka, na mimi nikapiga kelele kama mtoto wa miaka saba. Sasa ilikuwa na pua, inavuta hewa yote ya Queensburgh. Hakuna konokono tena. Lakini kulikuwa na lori mbele yetu linatambaa, na kwa usukani wa kushoto siwezi kuona mbele ya lori. Nadine akatoa kichwa dirishani, shela linapepea nyuma kama moshi, akapaza sauti, "Nenda, Baba mdogo, barabara iko wazi!"

Hakuna aliyewahi kumwambia maneno hayo ya baba yake. Nilipita lile lori nikiwa nalia na kucheka, na ngurumo ile ikatutangulia, maana walituambia baadaye kwamba kanisani waliisikia kabla hawajatuona, na mchungaji alikuwa ameshashika mlango aufunge, akauachia. Saa tano na dakika ishirini na tisa. Nikashuka na kitenge changu kiunoni, nikampa Nadine mkono, uso wake umefutwa kwa maji ya chupa, safi kama siku aliyozaliwa. Basi dogo likafika nyuma yetu, na akina mama waliponiona nimesimama mlangoni na sare yao, walipiga vigelegele mpaka mchungaji akaacha kuangalia saa. Niliingia nikitembea katikati ya kanisa kama mfalme, kitenge kina doa la kutu, na sikuona haya hata chembe.

Lakini neno ni neno. Ilizima njiani, ukoo mzima umeona. Jumatatu asubuhi daktari wa meno akafika na tabasamu lake, nami nikatoka na ufunguo mkononi. Kabla sijamfikia, mlango wa nyumba ukafunguka, akatoka Mama Trezor, amevaa kitenge cha tausi, akapita kati yetu, akaufungua mlango wa abiria, akakaa. Miaka kumi na moja.

"Docteur, pole ya safari," akamwambia kupitia dirishani. "Iko na harusi tatu mwezi wa kesho, nimeshakubalia watu. Na tena huyu ni mke mwenzangu. Kwetu hatuuzi mtu."

Halafu akanigeukia mimi. "Na wewe unasimama nini? Nipeleke kazi."

Kwa hiyo nimekoma, na nakuapia: hata ukoo wote wapige magoti, mdomo wa Mustang yangu haufungwi tena kwa kitambaa chochote. Ukitualika harusini, tutakuja, gari likiwa uso wazi, Mama Trezor kiti cha mbele, na mimi na suruali mbili.