Lugha ya Kumlilia Mume

Valary alipotoka Kitale kwenda Jeddah kulea mtoto, lugha ya kwanza kuishika haikuwa Kiarabu bali Kirusi. Bosi wake, injinia, na mkewe, madam Alla, walikuwa Waukraine wa Mariupol, na watu wa kwao wengi walikulia katika Kirusi. Walikitumia wakicheka na wakigombana. Valary akakiokota neno kwa neno pamoja na mtoto.

Vita vilipoanza na jeshi la Urusi likaubomoa mji wao, madam alisema halas, Kirusi kimekwisha nyumbani humu, sasa ni Kiukraine tu. Valary hakumlaumu. Akaanza upya: maji, mkate, njoo, lala.

Kisha akaletwa mama yake madam, Nina, aliyenusurika kwenye vifusi. Kiukraine alikielewa, lakini ulimi wake wa miaka yote ulikuwa Kirusi. Kila akifungua kinywa bintiye alimsahihisha, hadi mama wa watu akanyamaza. Alibaki kukaa jikoni na Valary wakimenya viazi na kunong'onezana kwa Kirusi, mlango umefungwa, kama wezi. Valary alichemka moyoni. Shuleni kwao aliwahi kuvishwa kibao shingoni siku nzima kwa kosa la kuongea Kibukusu, na aibu ile haijamtoka.

Ijumaa moja walikuja wageni kula chakula cha mchana, Waukraine wenzao. Mmoja alikuwa mwanamke aliyekuwa akifanya kazi Riyadh tangu kabla ya vita. Nina akaomba chumvi kwa Kirusi. Mgeni yule akaweka uma chini, akasema hawezi kula meza moja na lugha ya wauaji. Madam akainamisha kichwa.

Nina hakulia. Alimgeukia mgeni, akasema polepole kwa Kirusi, na Valary, aliyekuwa amesimama na jagi la maji, akaelewa kila neno:

"Mume wangu nilimzika uani kwa mikono yangu, nawe ulikuwa huku. Waliomuua walisema wamekuja kuiokoa lugha yangu. Sasa na wewe unataka kuninyang'anya. Nimlilie kwa lugha gani?"

Valary akaichukua chumvi, akaiweka mbele ya Nina na kumwambia kwa Kirusi, wote wakisikia, "Nyanya, kula."

Mgeni akamgeukia madam, akauliza tangu lini mfanyakazi anaingilia mazungumzo ya mezani. Valary alijua kazi imekwenda. Lakini madam aliinua uso, akasema kwa Kiukraine, "Huyu ni mama yangu. Asiyetaka kumsikia aondoke."

Mgeni akaondoka kweli.

Siku hizi Nina huongea apendavyo, na Kiukraine anajifunza taratibu kwa mjukuu wake, kwa hiari yake. Madam naye hutumia Kiukraine, na wanaelewana. Valary bado yupo kazini, ila hasira haijaisha: kwamba binti alisubiri yaya asimame upande wa mama yake, ndipo naye akasimama.