Mama Kulwa wa Puge alivyonilazimisha kusimamisha namba kwenye block inayozunguka

Wakuu, salaam kwenu nyote, wa ofisini na wa saiti.

Ninachoandika hapa si chai. Anayebisha aje Mtendeni nimfungulie faili aone kwa macho yake.

Mimi ni mchora ramani. Nafanya kazi kwenye kiofisi cha mpima mmoja hapa Tabora mjini: chumba kimoja, meza mbili na feni inayozunguka ikijisikia.

Mwaka jana nilikuwa kwenye miezi yangu ya majaribio, bosi akanipa mchoro wangu wa kwanza peke yangu. Mpango wa viwanja kule Puge, Nzega. Kichwa kikavimba, nikaanza hata kutembea na rula mfukoni.

Sasa sikieni. Viwanja vile vinafuata barabara ya zamani, ile ambayo inasemekana misafara ya wapagazi ilipita. Barabara iliyochorwa na miguu ya watu. Imekwepa mbuga, imekwepa korongo, imefuata maji, kila baada ya hatua chache kona. Kwa hiyo kila safu ya viwanja ina pembe yake.

Kwenye programu ya kuchorea ya kompyuta nikatengeneza block moja, yaani alama unayoichora mara moja na kuipachika popote. Kiduara, ndani yake namba ya kiwanja, na pembeni mshale unaoonyesha uso wa kiwanja, yaani upande wa barabara. Naipachika kwenye kiwanja, kisha naizungusha kwa RO, amri ya kuzungusha, mpaka mshale uitazame barabara.

Mshale ukazunguka, na namba nayo ikazunguka. Nyingine zikalala ubavu, nyingine kichwa chini miguu juu.

Niliona, sitawadanganya. Nikajisemea, kwani nani hawezi kuinamisha shingo?

Tukaenda Puge, ramani ikabandikwa ukutani. Utaratibu ulikuwa kwamba kila mwenye shamba lililoguswa aitazame, aridhike, ndipo asaini au aweke dole. Bila hivyo mchoro hauendi popote.

Wa kwanza kwenye foleni alikuwa Mama Kulwa, mkulima wa mpunga, ambaye shamba lake ndilo lililokatwa zaidi. Nikamwamkia, akaitikia marahaba, kisha akaitazama ramani. Akainamisha kichwa kulia, akainamisha kushoto.

"Mwanangu, changu kipi?"

"Hicho hapo, mama. Weka tu dole, namba ni ile ile."

"Namba nimejifunza kwenye kisomo cha watu wazima, naijua ikiwa imesimama. Hii imelala. Mimi siweki dole kwenye kitu nisichokisoma."

Hakupandisha sauti, lakini foleni nzima ilisikia. Akatoka mmoja, wakatoka watatu, mwisho foleni ikafa. Kila mtu akataka ya kwake isimame.

Njiani bosi hakunigombeza, na hilo ndilo lililonitisha. Tulipofika mjini akasema, "Wiki ijayo tunarudi. Wakikataa tena, mchoro nampa jamaa wa Mwanza, na wewe tutaagana vizuri."

Wakuu, niliogopa. Nilishawatangazia nyumbani kwamba nimepata kazi.

Siku mbili za kwanza nilitumia nguvu badala ya akili. Nika-explode kila block, yaani nikaivunja vipande, nikageuza namba moja moja kwa mkono, viwanja mia na kitu. Nilipomaliza nikajipongeza kwa chapati mbili na maharage.

Narudi ofisini, bosi kaleta vipimo vipya. Kona mbili za barabara zimesogea. Na mimi block nilishazivunja, mshale na namba havijuani tena. Haraka haraka haina baraka, na mimi baraka sikuiona hata harufu.

Nikafungua kopi ya faili la zamani, nikaingia block editor, pale unaporekebisha block yenyewe. Nikaweka rotation parameter, ile pembe ya kuzungukia, nikaweka rotate action, ile inayosema nini kizunguke, nikachagua kila kitu: duara, mshale, namba. Nazungusha, namba imelala.

Nikabadili text style. Imelala. Nikabadili justification. Imelala. Nikaanza kuamini hii programu ina chuki binafsi na watu wa Tabora.

Jumamosi mchana umeme ukakatika kabla sija-save. Uliporudi nikaijenga block upya kwa hasira, na kwenye kuchagua vitu vya rotate action nikaisahau namba. Nikabofya mshale peke yake.

Nikashika grip, kile kidoa cha kuvutia, nikavuta. Mshale ukatembea kulizunguka duara. Namba ikabaki wima, kama mama mwenye ndoo kichwani anapogeuka kuitikia salamu.

Nikadhani nimekosea. Na kweli nilikuwa nimekosea, ila kosa ndilo lilikuwa jibu. Programu inazungusha kile ulichoichagulia tu. Siku zote zile mimi ndiye niliyekuwa naiambia ilaze namba, halafu naitukana ikitii.

Kwa wale wa fani: base point ya rotation parameter iwe katikati ya duara. Namba iwe attribute, justify Middle center, hapo hapo katikati. Kwenye rotate action chagua mshale pekee. Na RO achana nayo kabisa, maana inageuza block nzima na namba yake.

Zile za zamani nilizichagua zote, nikaandika Rotation sifuri. Namba zikanyanyuka kwa mpigo mmoja, ukurasa mzima. Nilipiga makofi peke yangu ofisini, sioni aibu kusema. Kisha nikawa nachagua safu nzima ya viwanja, naandika pembe ya mshale mara moja kwenye dirisha la Properties, nahamia kona inayofuata. Kazi ya siku mbili ikaisha kabla chai haijapoa, na hiyo chai ni ya kunywa.

Tukarudi Puge. Mama Kulwa wa kwanza tena.

"Arobaini na saba," akasoma kwa sauti. Nikatabasamu mpaka masikioni.

Kidole chake kikasogea. "Na hiki kimshale ndiyo mbele ya kiwanja?"

"Ndiyo mama, kinatazama barabara."

"Basi umeniweka nitazame korongo. Barabara yangu iko huku."

Bosi akanitazama. Mimi nikatazama ramani. Mama alikuwa sahihi. Kiwanja chake kiko penye kona, na mimi nilikichagua pamoja na safu ya jirani.

Nikafungua laptop pale pale mezani, nikashika mshale, nikauvuta mbele ya watu wote mpaka ukaitazama barabara. Arobaini na saba haikutikisika. Nyuma mtu akacheka kwa raha.

"Zungusha tena," akasema Mama Kulwa.

Nikauzungusha duara zima.

"Haianguki."

"Haianguki, mama."

Bosi akasahihisha mshale kwenye karatasi kwa kalamu, akatia sahihi pembeni. Mtu akasogeza kidau cha wino wa dole. Mama Kulwa akakirudisha. "Nipeni kalamu." Akaandika jina lake herufi moja moja, sote tukangoja, kisha foleni ikatembea. Hadi alasiri hakuna aliyebaki.

Kwenye gari bosi akasema maneno machache tu: "Jumatatu njoo na vyeti, tuandike mkataba." Nilitazama dirishani ili asinione ninavyocheka.

Nilichojifunza ni hiki. Nilidhani kusimamisha maandishi ni urembo wa mchoro. Kumbe namba zilipolala, Mama Kulwa hakuweza hata kufika kwenye mshale. Ziliposimama, alichukua dakika moja kunionyesha nilipokosea. Sasa kabla sijatoa mchoro najiuliza kama mtu wa mwisho kwenye foleni ataweza kunibishia.

Mwenye njia ya kusimamisha maandishi yaliyo nje ya duara aiweke hapa, hiyo bado inanitesa. Na wale wa "kwa nini hukutumia programu fulani" nawajua, njooni tu. Nikosoeni, namba zangu zimesimama.