Siku Niliyovua Shati Mbele ya Mkwe

Mtaalamu wa viungo alimwambia baba mkwe wangu awe anatembea ndani ya maji ya bahari, yamfike kiunoni, nusu saa kila aendapo, kwa ajili ya goti lake la kulia. Aliyasema hayo mbele ya mke wangu, ambaye ni muuguzi na hana desturi ya kusahau maagizo. Mzee anaishi Lugoba, ambako bahari haipo. Sisi tunaishi Mapinga. Jukumu likawa letu.

Mimi nilizaliwa Bagamoyo mjini, kwa hiyo nikapendekeza Bagamoyo. Mke wangu akakataa.

"Pale maji yakipwa yanakwenda mbali. Baba atembee kwenye tope mpaka wapi? Halafu kila mtu ufukweni ni shangazi yako. Atasalimiwa mpaka jua lizame bila kulowa."

Alichagua Mbudya. Ni kisiwa kidogo mbele ya Kunduchi, hakikaliwi na mtu, watu wa jiji huvuka kwenda kupumzika na kula samaki. Upande unaotazama bara maji yake yametulia kama ya kwenye beseni. Tungekwenda watatu, Jumamosi. Mzee aliwasili Alhamisi na mfuko wa unga na kuku mzima, na Ijumaa jioni mke wangu akapigiwa simu kwamba mwenzake wa zamu anaumwa.

"Nendeni wenyewe," akaniambia.

"Mimi na baba?"

"Wewe na baba. Si wewe ndiye mtu wa pwani?"

Kwa muda wa miaka kumi na minne ya ndoa yetu nilikuwa sijawahi kukaa peke yangu na baba mkwe kwa zaidi ya muda wa kumaliza kikombe cha chai. Kwao mkwe hupewa heshima ya umbali. Hukai naye mkeka mmoja, huli naye sahani moja, na mwili wake huuoni wala yeye hauoni wako. Sasa natumwa nikamwogeshe. Na juu ya hilo kulikuwa na jambo ambalo hata mke wangu hakulijua: sijui kuogelea. Wenzangu walipokuwa wanajifunza, mimi nilikuwa chuoni kwa mwalimu wa Kurani, mkali, ambaye alinusa chumvi kwenye ngozi ya mtoto kabla mtoto hajavuka mlango. Nilipokuwa mtu mzima nilikuwa nimechelewa kukiri. Nimefundisha jiografia sekondari miaka kumi na tisa. Kupwa na kujaa kwa maji nakuchora ubaoni kwa mkono mmoja.

Asubuhi mzee alitoka chumbani amevaa kanzu, koti, kofia, viatu na soksi. Nilimwamkia, akaitikia. Kwa kuona alivyovaa, nikarudi ndani nikavua fulana na kuvaa shati la mikono mirefu na suruali ya kazini. Tukaingia kwenye gari langu na kwenda hadi Kunduchi tukizungumzia mvua. Mvua ilikuwa haijanyesha, kwa hiyo mazungumzo hayakuwa marefu.

Mwenye boti alitutazama kuanzia juu hadi chini.

"Wazee wangu, mnakwenda kuoga au kupeleka posa?"

"Kuoga," mzee akajibu, akanyoosha mikono avalishwe jaketi la kuokolea juu ya koti.

Kisiwani tulipewa kibanda cha makuti karibu na maji. Mbele yetu, juu ya mchanga, mgeni mmoja mwanamke alikuwa amelala kifudifudi juani na nguo kidogo sana. Mimi nikatazama kaskazini. Mzee akatazama kusini. Baada ya kitambo akauliza, bado ameelekea kusini:

"Yule anaumwa?"

"Hapana, baba. Anaota jua."

"Mchana huu?"

"Ndiyo."

Akatikisa kichwa. "Sisi Lugoba tunalikimbia."

Ikaja zamu ya kubadili nguo. Nilimwambia naomba nikaulize habari za samaki, nikaenda kuuliza habari za samaki ambazo tayari nilikuwa nazijua, na niliporudi mzee alikuwa amesimama na msuli na singlendi. Kanzu ilikuwa imekunjwa, soksi ziko ndani ya viatu, kofia juu ya kanzu. Nilikuwa sijawahi kuiona mikono yake juu ya kiwiko. Nikaangalia chini haraka, nikaona miguu, nikaangalia bahari.

"Twende," akasema, akanikabidhi bakora yake.

Tulipofika majini aliendelea. Mimi nilisimama maji yakiwa chini ya magoti, suruali nimeikunja, bakora mkononi kama msimamizi wa mtihani.

"Huji, mwalimu?"

"Nina simu mfukoni, baba."

"Kaiweke."

Nikaenda kuiweka. Nilichukua muda. Nikaifunga kwenye leso, nikaiweka ndani ya kiatu changu, nikaihamishia kiatu cha pili. Nilipogeuka maji yalikuwa yamemfika mzee kifuani, si kiunoni. Nikamwita. Hakugeuka. Kisha kichwa kikaingia majini na mahali alipokuwa pakawa maji matupu.

Sikumbuki kukata shauri lolote. Nilikimbia na nguo zangu zote, nikipiga kelele "Baba! Baba!", mpaka yule mgeni aliyekuwa anaota jua akainuka kuketi. Nilitaka kumfikia tu. Nilikuwa nafikiria nitakavyosimama mbele ya mke wangu na ile kanzu iliyokunjwa. Maji yaliponifika kiunoni niliteleza, nikaanguka uso mbele, na kitu rahisi kama kusimama kikanishinda. Nilikunywa maji mengi. Nikasikia kola yangu inavutwa kwa nguvu, nikainuliwa, nikajikuta nimesimama, nakohoa, maji yananifika tumboni.

Baba mkwe wangu alikuwa ameishika kola. Hakuwa hata anahema.

"Una nini?"

"Ulizama, baba."

"Nilipiga mbizi." Akaiachia kola. Akanitazama kwa makini, kama anavyomtazama mbuzi ambaye muuzaji amesema hana tatizo. "Hujui kuogelea?"

"Sijui, baba."

"Hukuzaliwa Bagamoyo?"

"Nilizaliwa huko."

Mawimbi madogo, yasiyotosha hata kuitwa mawimbi, yakawa yanatupiga mbavuni.

"Mimi nilijifunza kwenye Mto Wami," akasema mwishowe. "Tulikuwa tunavuka na ng'ombe wa watu. Wami ina mamba. Mtu anajifunza haraka."

Halafu akacheka. Nilikuwa sijawahi kumsikia akicheka. Nyumbani kwake akicheka huwa mimi niko uani.

"Yule mshenga wako," akasema, "nilimuuliza kwa kinywa changu, kijana wenu anajua kuogelea? Akaniambia, kama samaki."

"Kwa nini ulimuuliza, baba?"

"Binti yangu anaogopa maji tangu mdogo, naye anakuja kuolewa pwani. Nilitaka mmoja wenu ajue." Akafikiri. "Aliniambia pia una shamba Fukayosi."

"Shamba lipo."

"Lipo kweli?"

"Lipo, baba. Heka mbili. Nimepanda mihogo."

"Basi nusu alisema kweli. Kwa mshenga si haba." Akanigeuza mabega nielekee ufukweni. "Vua shati."

Nilidhani sikusikia vizuri. "Mbele yako, baba?"

"Shati linakunywa maji, linakuvuta chini. Ukizama nimwambie nini mke wako? Kwamba mumeo alikufa, lakini alikuwa na adabu?"

Nikavua. Vifungo vilikuwa vigumu kwa ubaridi wa vidole, au kwa haya, sijui. Yeye aligeuza uso mpaka nilipomaliza, na kwa hilo nilimshukuru. Shati akalitupia begani kwake kama taulo.

Akaniambia nilale chali. Nikamwambia siwezi. Akaniambia hakuuliza kama naweza. Akaweka kiganja kimoja chini ya kisogo changu na kingine mgongoni, na mikono ile ilikuwa migumu, mikono ya jembe, na ilinishika bila kunibana. Katika miaka kumi na minne tulikuwa tumeshikana mikono wakati wa salamu na wakati wa kuagana tu. Niliona anga. Masikio yalipoingia majini kelele zote za ufukweni zikazimika, nikabaki nasikia moyo wangu mwenyewe, unakwenda mbio. Ukapunguza. Wakati fulani nikagundua kiganja cha mgongoni hakipo. Nikastuka, nikazama, akanivuta nywele.

"Ulikuwa unaelea," akasema kwa ukali. "Umejiharibia mwenyewe."

Tulirudia mpaka nikaelea kwa muda ambao yeye aliuita mzuri. Ile nusu saa ya kutembea ilikuwa imepita zamani bila mtu kutembea.

Tuliswali adhuhuri nyuma ya kibanda, yeye mbele, mimi nimevaa koti lake, kwa kuwa shati lilikuwa linakauka mtini. Samaki akaletwa na chipsi, kwenye sahani moja kubwa. Mwanamke aliyeleta hakujua mambo yetu. Nikasita, nikataka kuomba sahani ya pili. Mzee akawa ameshamega upande wa mgongo na kuuweka mbele yangu.

"Kula. Una maji matupu tumboni."

Jioni mke wangu alitoka kazini, hata viatu hajavua, akauliza: "Baba, uliingia majini?"

"Niliingia."

"Na huyu alikushika vizuri?"

Mimi nilikuwa nakagua kamba ya kuanikia nguo. Mzee akapuliza chai yake.

"Alinishika vizuri," akasema. "Ana nguvu za pwani."

Nilimwambia mke wangu ukweli mwenyewe, baada ya wiki. Akataka kujua kama wakati ule tulipovuka na pantoni ya Kigamboni na yeye akanishika mkono njia nzima, mimi nilikuwa nimemshika kwa kumtuliza au kwa woga wangu. Nilisema vyote viwili. Hajaamua bado kama amenisamehe.

Goti halikupona. Mtaalamu anasema lisingepona, lengo ni lisizidi, na kwenye ngazi ya boti sasa inabidi tumwinue watu wawili, jambo ambalo hulilalamikia mpaka ng'ambo. Majini halalamiki. Tumekwenda mara tano. Naweza kupiga mikono kama minane hivi kabla sijaanza kutafuta mchanga kwa vidole vya miguu, na yeye huwa pembeni yangu amezama mpaka kidevuni, anahesabu hatua zake, ananikaripia kwamba miguu yangu imelala.