Pipa la Maganda Chachu

Harufu ya bushera, ule uji wa mtama uliochachushwa, bado hunifanya nigeuze uso. Wengine hunusa kinywaji. Mimi hunusa pipa la buluu lililokaa nyuma ya nyumba zetu za polisi, upande wa Bugolobi, miaka michache baada ya vita vya themanini na sita.

Pumba zilipoadimika, mama alianza kuwatengenezea nguruwe wake maganda ya matoke yaliyochachushwa. Hajati, jirani yetu, alituwekea ya kwake. "Mimi natupa takataka tu," alisema akitazama kando. "Anayeokota anajua mwenyewe."

Mama aliyakatakata, akayaanika siku moja yanyauke, akayachanganya na molasi. Kisha mimi, niliyesuguliwa miguu kama ninayekwenda kubatizwa, niliingia pipani kuyakanyaga mpaka hewa itoke. Akafunika kwa nailoni, akaifunga kwa mpira wa baiskeli. Wiki tatu bila kufungua, la sivyo yataoza. Aliniambia mvumilivu hula mbivu. Nikamjibu kwamba nguruwe wetu watakula chachu.

Nawaambia ukweli, sikuamini kwamba kitu kinachonuka vile hakiozi. Siku ya sita nilifungua, nikanusa. Siku ya tisa tena.

Pipa lilipofunguliwa rasmi, juu palikuwa na ukungu mweupe. Mama aliukwangua, akawapa nguruwe yaliyobaki. Walikula wakigombania. Wiki haikuisha, masikio ya jike mwenye mimba yakageuka zambarau. Hakusimama tena. Wenzake wanne wakamfuata, mama akiwamwagia maji, akiwapepea kwa kanga, asijue afanye nini kingine.

"Akello, hili pipa ulifungua?"

"Hapana, mama."

Basi akabaki na mikono yake tu ya kulaumu. Alikuwa amewafundisha majirani wawili wafugaji kuchachusha. Alikwenda kwa kila mmoja, akapiga magoti mlangoni, akaomba msamaha kwa kuwafundisha sumu. Wakamwaga mapipa yao mtaroni. Yeye hakufuga tena.

Miaka mingi baadaye, chuoni, mhadhiri alituonyesha picha ya masikio yale yale. Homa ya nguruwe ya Afrika, isiyo na tiba wala chanjo. Nikamuuliza kuhusu maganda yenye ukungu. Alisema yangeweza kuwaumiza matumbo, lakini si kuwaua namna ile. Jioni hiyo nilirudi nyumbani nikiwa mwepesi, nikamweleza mama yote, hata kufungua kwangu, maana sasa kukiri hakukunigharimu kitu.

Mama aliendelea kumenya matoke.

"Vizuri," alisema. "Sasa nenda uwaambie wale niliowapigia magoti."

Mmoja alikuwa amerudi Gulu, hatukujua sehemu gani. Wa pili tulikuwa tumemzika mwaka uliotangulia. Ndipo nilipoona kwamba nilikuwa nimekimbia kujisafisha mimi peke yangu. Niliweka daftari langu chini, mimi niliyezoea kuhoji kila kitu, nikachukua kisu na kumenya matoke pamoja naye.